Kugongwa kichwa mpirani

Wazazi wetu, mwezi uliopita vijana wawili waligongana vichwa wakirukia kona. Mmoja akasimama, akauliza tunacheza na nani. Watu wakacheka. Sisi walimu pia tulicheka, tukamwacha aendelee. Tulikosea. Hata Christoph Kramer wa Ujerumani, fainali ya Kombe la Dunia 2014, aligongwa, akacheza kama dakika 14 zaidi, akamuuliza refa kama hii ndiyo fainali.

Damu hakuna, lakini ubongo umetikiswa. Mtoto atoke, asirudi siku hiyo hata akilia. Usiku mmuangalie. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma, ama akisinzia na kuamka ni shida, msingoje asubuhi: mpelekeni hospitali ya Kuluva.

Wetu alitapika saa tatu usiku; mama yake ndiye alishtuka. Sasa yuko darasani, mpira bado.