Nusu Milimita Inayosimamisha Bagi

Miongoni mwa maswali ambayo wapenzi wa magari makubwa ya rimoti huuliza mara kwa mara, liko moja linaloonekana dogo: kwa nini breki iliyoshika vizuri mwanzoni mwa msimu hulegea kidogo kidogo, hadi ikafika siku kifyatuo cha rimoti kinasukumwa mpaka mwisho na gari bado linaserereka? Jibu la haraka ni kwamba pedi zimekwisha na zibadilishwe, lakini jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, kwa sababu mara nyingi pedi huwa bado zina unene wa kutosha, ila mtambo unaozibana umeishiwa mwendo.

Gari linalozungumziwa hapa ni bagi ya kipimo cha 1:5, yaani gari la mbio za mchanga na vumbi lililopunguzwa hadi kuwa sehemu moja ya tano ya lile halisi. Mfano unaojulikana sana ni Baja 5B ya kampuni ya HPI, yenye uzito wa takriban kilo 10 na injini ya petroli ya mipigo miwili ya cc 23. Mambo ya kabureta na plagi yana waandishi wake, na hapa yataachwa.

Breki ya bagi ya namna hii haiko kwenye kila gurudumu. Iko diski moja tu, kisahani chembamba cha chuma kilichofungwa kwenye shafti ya giaboksi kabla ya difu, ambayo ni mkusanyiko wa gia unaoyaruhusu magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Kwa kuwa shafti hiyo huzunguka haraka kuliko magurudumu, gia zilizo mbele yake huiongezea breki nguvu kama zinavyoiongezea injini, na ndiyo maana pedi mbili ndogo huweza kuyafunga magurudumu makubwa kiasi hicho. Diski haikazwi moja kwa moja juu ya shafti, bali huachiwa nafasi ya kuteleza kidogo kushoto na kulia, ili pedi moja inaposukumwa diski isogee hadi kwenye pedi ya pili na zote mbili zigawane kazi.

Kinachoisukuma pedi ni kamu, yaani kijiti cha chuma kilichochongwa bapa upande mmoja au pande mbili, na hapa ndipo ulipo ufundi hasa. Kamu inapotulia, ubapa wake huwa umelala sambamba na mgongo wa pedi. Servo, mota ndogo inayotii rimoti, inapouvuta mkono wa kamu, ukingo wa ubapa huinuka na kuisukuma pedi. Kazi hiyo haina tofauti na ya mkamuaji wa nazi anayesokota kifumbu: msokoto wa kiganja hugeuka kuwa mbano, lakini mizunguko ya kwanza haitoi tui hata tone, kwa kuwa inamaliza ulegevu tu, na tui huanza kutiririka pale ukili unapokaza juu ya machicha. Kifumbu kilichojaa hukamulika kwa msokoto mdogo, ilhali chenye machicha machache humlazimu mkamuaji aendelee kusokota, na huenda kiganja kikafika mwisho wa mgeuko wake kabla mbano haujaanza, ingawa mkono una nguvu zilezile na nazi ni ileile. Pedi iliyolika ni kifumbu kisichojaa.

Hesabu inaonyesha jinsi nafasi ilivyo finyu. Tuseme ukingo wa kamu uko milimita 3 kutoka katikati ya kijiti, na mkono wake una urefu wa milimita 20. Kamu ikigeuka digrii 10, ukingo huinuka takriban nusu milimita, wakati ncha ya mkono imesafiri milimita 3.5, mwendo umepungua mara saba, na nguvu, ukiacha inayopotea kwa msuguano, imeongezeka mara saba. Pedi zikilika nusu milimita nyingine, kamu itadai digrii 20 hivi, na servo ambayo mwendo wake umewekewa mpaka kwenye rimoti haitazifikia. Tiba si kununua servo yenye nguvu zaidi, bali ni kukaza nati ya kurekebishia kwenye fimbo ya breki mpaka mwanya urudi, kisha kuinua magurudumu ya nyuma na kuyazungusha kwa mkono: yakizunguka bila diski kukwaruza, na breki ikashika mapema kifyatuo kinapoguswa, marekebisho yamekamilika. Servo hiyohiyo ndiyo inayofungua kabureta, hivyo fimbo ikikazwa kupita kiasi injini na breki zitavutana.

Adui mwingine ni oili. Injini ya mipigo miwili hutumia petroli iliyochanganywa na oili, na sehemu ya oili hiyo hutoka na moshi ikiwa haijaungua na kutua kwenye diski. Diski husafishwa kwa dawa ya kusafishia breki, lakini pedi iliyokunywa oili haifai kuhangaikiwa. Pedi iliyong'aa kama kioo kwa joto ni jambo jingine, kwani hiyo huweza kusuguliwa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo bapa. Joto lenyewe si la kupuuzwa: bagi ya kilo 10 inayokwenda kilomita 60 kwa saa hubeba nishati ya jouli 1,400 hivi, ambazo zingetosha kupandisha joto la diski ya chuma ya gramu 30 kwa takriban nyuzi 100 za Selsiasi kwa kusimama mara moja. Rangi ya buluu kwenye diski ni ushahidi kwamba joto limepanda mno kuliko hapo, na kwa kawaida chanzo chake ni breki inayosugua muda wote bila mwendeshaji kujua.

Breki kali kupindukia nayo ina gharama, kwa sababu gari likifunga breki uzito huhamia mbele, magurudumu ya nyuma hubaki mepesi, na yakijifunga mkia hupita pembeni.

Mwisho, breki inapaswa kushika yenyewe mawimbi ya rimoti yanapokatika: kabla ya injini kuwashwa, magurudumu ya nyuma yainuliwe, mitambo ya redio ya gari iwashwe, kisha rimoti izimwe. Bagi ambayo servo yake haisogei upande wa breki hapohapo haifai kutolewa uwanjani.