Ufa wa Ilemi: Magomvi ya Ulaya Yalivyofika Malishoni mwa Waturkana

Msafiri aendaye kaskazini kutoka Lodwar, akifuata upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, huvuka mikondo mingi ya mchanga ambayo hugeuka mito kwa saa chache tu mvua inaponyesha milimani. Mmojawapo ni Nariokotome. Jina hilo lilipata sifa ulimwenguni mwaka 1984, wakati Kamoya Kimeu alipookota hapo kipande cha fuvu, na baadaye ikafukuliwa mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Lakini kwa wenyeji Nariokotome ni mahali pa mbuzi, ngamia na nyavu za samaki. Kutoka hapo hata Todenyang, karibu na mpaka wa Ethiopia, ni kama maili 30 tu.

Mtu aweza kuuliza: nchi kame kama hii ina uhusiano gani na mabaraza ya London, Roma na Geneva? Uhusiano upo, nao ni wa tangu zamani. Kaskazini ya Todenyang na Lokitaung iko pembe ya nchi iitwayo Ilemi, na inasemekana ilipewa jina la mkuu mmoja wa Waanuak. Wanaoipima hawakubaliani hata juu ya ukubwa wake. Hesabu zao huanzia kilometa za mraba 10,000 hivi hadi 14,000. Madola ya Ulaya yaliiacha bila mpaka ulio wazi kwa sababu yaliiona haina faida. Ufa huo mdogo ulikuja kupitisha upepo mkubwa, na walioumizwa na baridi yake ni watu ambao hawakuwahi kualikwa katika shauri lolote.

MFALME NA MADOLA

Mwaka 1888 Count Teleki na mwenzake von Höhnel walifika ziwani wakaliita Rudolf, jina la mwana wa Kaisari wa Austria. Jina hilo lilidumu hata mwaka 1975, lilipobadilishwa kuwa Turkana. Wakati ule madola ya Ulaya yalikuwa yakigawana Afrika. Naye Mfalme Menelik wa Uhabeshi hakukubali kukaa akitazama. Mwaka 1891 aliyaandikia madola hayo akidai nchi hata Khartoum upande mmoja, na hata ziwa kuu la Nyanza upande mwingine.

Huenda barua hiyo ingedharauliwa, kama si mambo yaliyotokea tarehe 1 Machi 1896. Siku hiyo jeshi la Menelik liliwashinda Wataliani huko Adowa, na tangu hapo kila dola ilijua kwamba Uhabeshi si nchi ya kuchukuliwa kwa ramani na kalamu. Mwaka 1898 majeshi ya Menelik yalifika kaskazini ya ziwa. Waingereza, ambao hofu yao kubwa ilikuwa maji ya Mto Nili, waliona heri kupatana. Wapimaji walitumwa, na tarehe 6 Desemba 1907 mkataba wa mpaka ukatiwa sahihi.

Mkataba ule ulikuwa na neno moja la busara. Uliruhusu makabila ya pande zote mbili kuendelea kutumia malisho ya ng'ambo kama zamani, na kuyafikia maji ya visima. Yaani wenye kuandika walifahamu kwamba mfugaji huifuata mvua, wala mvua haifuati mkataba. Lakini kuruhusu ni jambo moja. Kulinda amani kisimani ni jambo jingine, na kwa hilo hapakuwa na askari wa kutosha.

MSTARI WENYE NENO "AU"

Kosa kubwa zaidi lilifanyika mwaka 1914. Wakati huo nchi ya Waturkana ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, wala haikutiwa katika Kenya mpaka mwaka 1926. Amri ilitolewa ya kuitenga Uganda na Sudan. Mstari ulianzia kando ya ziwa, ukipimwa kwa ncha ya kaskazini ya mlima ambao ramani za zamani huuita Lubur, nao ni mlima wa upande wa Lokitaung. Kutoka hapo ulinyoshwa kuelekea magharibi. Kisha mwandishi akaongeza: au mstari mwingine mbele yake, utakaowaachia Waturkana malisho yao ya desturi.

Neno hilo "au" liliandikwa kwa nia njema, lakini hakuna aliyeandika malisho ya desturi yaishia wapi. Mkulima yeyote aliyepata kuhudhuria kesi ya shamba ataelewa hatari yake. Ni kama hati isemayo: shamba hili laanzia mtoni hata kwenye mti ule, au mbele zaidi, mpaka mbuzi wa fulani hupenda kula. Siku ya kuandika hati hiyo, wote hucheka na kupeana mikono. Siku ya ukame, watoto wao hushikiana mikuki.

Ajabu ni kwamba pande zote mbili za mstari huo zilikuwa chini ya Waingereza. Sudan ilitawaliwa kwa jina la Uingereza na Misri pamoja, lakini amri zilitoka kwa Waingereza. Kwa hiyo lilikuwa shauri la mkono wa kulia na mkono wa kushoto, ambalo lingeweza kumalizwa kwa juma moja mezani. Halikumalizwa, kwa kuwa kila mmoja aliogopa gharama ya kuitunza nchi isiyolipa kodi ya maana.

WALIONYANG'ANYWA BUNDUKI

Wakati huohuo bunduki nyingi zilikuwa zikiteremka kutoka nyanda za juu za Uhabeshi, hasa upande wa Maji, zikibadilishwa kwa pembe za ndovu na mifugo. Waturkana walizipata, na mkuu wao wa vita aitwaye Ebei alipigana na serikali kwa miaka mingi. Mwaka 1918 serikali ilituma jeshi kubwa la askari wa K.A.R. pamoja na askari kutoka Sudan. Vita hivyo huitwa vita vya Labur. Mifugo mingi sana ilichukuliwa, na Waturkana wakanyang'anywa silaha.

Lakini majirani zao wa kaskazini, Wamerille wa mdomo wa Mto Omo, ambao wenyewe hujiita Wadaasanach, walikuwa upande wa Uhabeshi. Na bunduki zao zilibaki mikononi mwao. Serikali iliyomvua mtu silaha imejitwika wajibu wa kumlinda. Huo ndio wajibu uliokuwa mgumu kutimizwa. Washambuliaji walikuja, wakachukua ng'ombe, wakavuka mpaka, na askari walisimama mpakani. Kenya iliposema ulinzi wahitajiwa ndani ya Ilemi, swali lilikuwa ni nani atakayelipa: Kenya inayolinda, au Sudan yenye ardhi?

Palikuwa na fikra ya kumaliza shauri kwa kubadilishana nchi. Uhabeshi ulikuwa na pembe ya Baro, karibu na Gambela, ambayo Waingereza wa Sudan waliitamani. Nao waliwaza kwamba labda Wahabeshi wangeiacha hiyo wakapewa sehemu ya Ilemi. Wakati mashauri hayo yakisuasua, moshi ulionekana Roma.

KITI CHA GENEVA

Mussolini, mtawala wa Italia, hakusahau Adowa. Mwezi wa Desemba 1934 askari wa pande mbili walipigana kwenye visima vya Walwal, mpakani mwa Uhabeshi na Somali ya Wataliani. Kumbuka, msomaji: hapo pia palikuwa pahali pa visima na mpaka usiopimwa. Uhabeshi ulikuwa mwanachama wa Chama cha Mataifa, kilichoundwa baada ya Vita Kuu ya kwanza ili dola moja isiimeze nyingine. Ulipeleka mashtaka Geneva.

Uingereza ilitiwa katika mashaka. Ikimpinga Mussolini kwa nguvu, yaweza kumsukuma katika mikono ya Hitler. Ikimwachia, Chama cha Mataifa kitakuwa jina tupu. Mwezi wa Juni 1935 kamati ya siri iliyoongozwa na Sir John Maffey iliandika kwamba Uingereza haina faida kubwa huko Uhabeshi inayoipasa kumzuia Mtaliani, ila Ziwa Tana, maji ya Nili, na haki za malisho za makabila ya mipakani. Majasusi wa Italia waliipata karatasi hiyo, na mapema mwaka 1936 gazeti la Roma likaichapa ili Waingereza waaibike mbele ya ulimwengu.

Tarehe 3 Oktoba 1935 Wataliani waliuvamia Uhabeshi. Chama cha Mataifa kiliihukumu Italia kuwa na kosa, na mwezi wa Novemba biashara fulani zikakatazwa. Lakini mafuta ya petroli, ambayo bila hayo motokaa na ndege za vita hazitembei, hayakukatazwa. Na Mfereji wa Suez haukufungwa. Mwezi wa Desemba mawaziri Hoare wa Uingereza na Laval wa Ufaransa walipanga kwa siri kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Uhabeshi. Habari zikatoka, watu wa Uingereza wakakasirika, na Hoare akajiuzulu. Hata hivyo vita viliendelea, hata kwa hewa ya sumu, na tarehe 5 Mei 1936 Wataliani wakaingia Addis Ababa. Tarehe 30 Juni Haile Selassie alisimama mwenyewe Geneva kuwakumbusha wakubwa ahadi zao. Siku chache baadaye makatazo ya biashara yakaondolewa.

Mwezi wa Aprili 1938 Uingereza ilipatana na Italia, na mwezi wa Novemba ikamtambua mfalme wa Italia kuwa mwenye enzi ya Uhabeshi. Ilitumainiwa kwamba hayo yangenunua amani.

VITA VINAFIKA ZIWANI

Huku Turkana jambo hilo lilikuwa na maana iliyo wazi kabisa. Jirani wa kaskazini sasa hakuwa tena Mhabeshi mwenye bunduki za kale, bali dola ya Ulaya yenye ndege na mizinga. Pembe ya Ilemi, ambayo kwa miaka 24 haikustahili gharama ya nguzo za mpaka, ikawa mlango. Ni katika mwaka uleule wa 1938 kwamba wapimaji wa Kenya na Sudan walikwenda pamoja kuyatafuta yale malisho ya desturi yaliyotajwa mwaka 1914. Mstari walioupata unajulikana kama Mstari Mwekundu. Walifanya kazi njema, lakini walichelewa, na kazi hiyo haikugeuzwa kuwa mkataba.

Tarehe 10 Juni 1940 Italia ilitangaza vita juu ya Uingereza. Lokitaung na Todenyang zikawa kambi za vita. Na katika miezi ya kwanza ya 1941 askari wa K.A.R. walitoka Turkana wakavuka kuelekea Kalam, ng'ambo ya mpaka. Tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu mji wake kutekwa, Haile Selassie alirudi Addis Ababa. Gharama ambayo Ulaya iliikimbia mwaka 1935 ililipwa kwa damu, na sehemu ya deni hilo ililipwa na vijana wa Afrika ya Mashariki.

MISTARI ILIYOBAKI

Baada ya vita mistari iliongezeka badala ya kupungua. Mwaka 1950 serikali ya Sudan iliweka mstari wake wa doria, ulio mbali zaidi kuelekea magharibi, ili kuwazuia wafugaji wasiingie upande wa pili. Lakini ilieleza kwamba huo si mpaka wa enzi. Kisha watawala waliokuwa na kalamu wakaondoka. Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956, Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka 1970 Kenya na Ethiopia zilitia sahihi mkataba wa mpaka wao. Lakini Ilemi kati ya Kenya na Sudan ilibaki kama ilivyokuwa. Na tangu tarehe 9 Julai 2011 shauri hilo limerithiwa na Sudan Kusini. Kenya ndiyo inayoitunza nchi hiyo, ila bado hakuna mkataba uliomaliza neno lile "au".

Hata kule ambako mkataba upo, amani haikuja yenyewe. Mwezi wa Mei 2011 watu wengi wa Turkana waliuawa Todenyang, na mwezi wa Februari 2025 wavuvi walishambuliwa tena katika maji hayohayo. Wadaasanach nao wana makaburi yao na malalamiko yao. Mwenye wavu hana nguzo ya kumwonyesha mpaka uko wapi juu ya maji, na samaki, kama mvua, hawasomi ramani.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Geneva iliuacha ufa wa Walwal, na Ulaya yote ikajenga ukuta. London na Khartoum ziliuacha ufa wa Ilemi, na ukuta wake bado haujajengwa hata leo. Wale waketio mezani kwa zamu hii si wageni tena; ni serikali za wenyeji wenyewe. Wanazo ramani zote za zamani, na wanayo habari ya 1914. Kilichokosekana wakati ule ni kumwuliza mchungaji ng'ombe wake hunywa wapi wakati wa kiangazi, na kuliandika jibu lake kabla bunduki hazijaulizwa. Mchungaji huyo angali yuko, kati ya Nariokotome na Todenyang, na jibu analo.