Ndege wa Migongo ya Nyasi na Mafunjo ya Kagera

Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera nchini Tanzania, ni nchi ya migongo. Vilima virefu vya miamba ya kale vimejipanga kutoka kusini kwenda kaskazini, baadhi vikipita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kati yake mabonde hushuka hadi kwenye Mto Kagera, ulio takriban mita 1,300. Juu kabisa ni nyasi tupu, rweya. Kwenye miteremko kuna migunga, vichaka na vibanja vya migomba na kahawa. Chini ni mafunjo. Mtu anayeshuka kutoka mgongoni hadi mtoni hupita makazi matatu au manne ya ndege ambao kwa kiasi kikubwa hawachangamani, na ndiyo sababu eneo hili, lisilo na msitu mkubwa wala mlima wa kutajwa, lina utajiri wa ndege unaozidi sifa lililonayo.

Kiini cha utajiri huo ni tabia ya mto wenyewe. Kagera huanzia pale Ruvubu na Nyabarongo zinapokutana karibu na maporomoko ya Rusumo, Ngara, kisha hutiririka kuelekea kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda. Ufikapo pembe ya kaskazini ya Kyerwa hukunja kuelekea mashariki, ukapita Murongo ukiwa mpaka na Uganda, na mwishowe humwaga maji Ziwa Victoria. Katika sehemu ile ya kwanza mteremko wake ni mdogo sana. Maji hayana haraka. Husambaa bondeni, huzaa maziwa madogo na kulisha vinamasi vipana. Ng'ambo, upande wa Rwanda, ipo Hifadhi ya Akagera iliyoanzishwa mwaka 1934, ambako zaidi ya aina 480 za ndege zimeorodheshwa. Upande wa Tanzania yalikuwepo mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika Orugundu, yaliyopandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Jina la pili ni la Omukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe aliyewapokea John Hanning Speke na James Grant mwishoni mwa mwaka 1861. Katika ziwa dogo la huko Speke alimwona nzohe, swala wa majini ambaye jina lake la kisayansi, Tragelaphus spekii, bado linamkumbuka mgeni huyo.

Utazamaji wa ndege huanzia chini, mafunjoni, kwa sababu huko saa ndiyo inayoamua. Karagwe iko magharibi kabisa mwa nchi, hivyo jua huchomoza karibu saa moja kasoro ya asubuhi, takriban nusu saa baada ya Dar es Salaam. Dakika chache kabla ya hapo ndege wa mafunjo huanza kuimba, na kufikia saa tatu wengi wamekwisha kunyamaza. Anayewahi huwasikia, anayechelewa huona ukuta wa kijani tu. Mafunjo hufikia urefu wa mita nne au tano, mizizi yake ikisukana na kuwa zulia linaloelea, na ndani yake huwezi kutembea wala kuona hatua tano mbele. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa na masikio. Darubini hutumika ndege anapojitokeza kwenye kichwa cha funjo, pengine kwa sekunde mbili.

Anayetafutwa zaidi huko ni tiva mafunjo (Laniarius mufumbiri). Ni mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, ana utosi wa manjano na mstari mweupe bawani. Dume na jike huitikiana kwa sauti kali, mmoja akianza na mwingine akimjibu haraka kiasi kwamba msikilizaji hudhani ni ndege mmoja. Anayo jamaa anayefanana naye, tiva kichwa-cheusi (Laniarius erythrogaster), aliyeenea kwenye vichaka vya kanda hiyohiyo, na hapa ndipo orodha nyingi huharibika. Huyu wa pili hana utosi wa manjano wala mstari mweupe bawani, na jicho lake ni la manjano. Makazi nayo husaidia: yule wa kwanza haachi mafunjo, huyu wa pili hupendelea vichaka vya nchi kavu na kingo za kinamasi. Lakini makazi peke yake si ushahidi, kwa sababu pembeni mwa kinamasi wote wawili wanaweza kusikika kutoka mahali pamoja.

Wapo wengine wadogo, wenye rangi za kahawia na kijivu, wasiomvutia mtu asiyewajua. Bradypterus carpalis, ndege mweusi-mweusi mwenye madoa meupe kwenye bega la bawa, huanza wimbo wake polepole kwa milio mikavu iliyoachana, huharakisha, kisha humalizia kwa kupigapiga mabawa. Wimbo huo ukishajulikana hausahauliki. Cisticola carruthersi huishi katikati ya mafunjo, ilhali ndugu yake anayefanana naye mno hukaa kwenye matete na nyasi za pembeni. Wa mafunjoni ana mdomo mwembamba zaidi na mkia wenye giza. Chiriku mafunjo hushuka kula mbegu pembezoni, hata kwenye mashamba yaliyopakana na kinamasi, na huyo ndiye rahisi kuliko wote kuonekana. Wengi wa ndege hawa hawapatikani popote duniani nje ya vinamasi vya ukanda wa maziwa makuu. Kipande cha mafunjo kinapochomwa na kulimwa hawana pa kuhamia isipokuwa kipande kingine cha mafunjo, nacho kwa kawaida kina wenyewe. Kukata mafunjo kidogokidogo kwa ajili ya mikeka na mapaa ni jambo jingine: mmea huchipua upya haraka, mradi shina la chini ya maji halikung'olewa.

Kucheza sauti zilizorekodiwa ili kumtoa ndege mafichoni ni desturi iliyoenea tangu simu zilipoanza kubeba sauti hizo. Hufanya kazi vizuri kupita kiasi. Dume anayesikia mshindani asiyeonekana huacha kulisha makinda na kuzungukazunguka akitafuta ugomvi. Mara mbili au tatu zinatosha, kisha kifaa kizimwe, na wakati wa kutaga ni afadhali kisiwashwe kabisa.

Kuhusu korongo-nyangumi, yule mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu cha mbao, matumaini yanapaswa kupunguzwa. Vinamasi vya Kagera vimo katika eneo lake la asili, na chakula chake kikuu, yaani kamongo na kambare, kipo. Lakini ni ndege adimu, anayesimama palepale kwa saa nyingi akivizia ndani ya majani marefu kuliko yeye mwenyewe. Huonekana zaidi kwa bahati, kutoka kilimani, kwa darubini yenye miguu mitatu, kuliko kwa kumfuata. Mtumbwi haupendekezwi bila mwenyeji anayeujua mto: Kagera ina viboko na mamba.

Juu kidogo ya mafunjo, kwenye majani mafupi yanayofurika msimu wa mvua, yuko korongo taji. Huyu hahitaji kitabu cha utambuzi. Ana urefu wa takriban mita moja, taji la nyuzi za dhahabu kichwani, na sauti inayosafiri mbali asubuhi ya baridi. Hujenga kiota kinamasini, hutaga mayai mawili au matatu, kisha huwaongoza makinda kwenda malishoni na kwenye mashamba ya maharage na mahindi. Kuishi kwake karibu na watu ndiko kunakomponza. Mwaka 2012 Orodha Nyekundu ya IUCN ilimpandisha hadi daraja la walio hatarini kutoweka, sababu zikiwa kukaushwa kwa vinamasi, sumu mashambani na kukamatwa ili auzwe au afugwe kama pambo. Nchini Rwanda daktari wa mifugo Olivier Nsengimana aliongoza kazi ya kuwakusanya korongo taji waliokuwa wakifugwa majumbani na hotelini, na walioweza kuruka wakarudishwa porini Akagera. Hifadhi hiyo na Kyerwa zinatenganishwa na mto tu, hivyo korongo mwenye pete mguuni akionekana upande wa Tanzania, rangi na namba ya pete ni vitu vya kuandikwa mara moja.

Mteremko wa migunga ndiyo makazi ya ndege ambaye kanda hii inaweza kumdai kuwa wake kuliko sehemu nyingi: zuwakulu uso-mwekundu (Lybius rubrifacies). Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin alimwelezea kisayansi mwaka 1892, miaka michache baada ya misafara ya Wajerumani kufika magharibi mwa Ziwa Victoria. Eneo lake lote duniani ni kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kusini-magharibi mwa Uganda, mashariki mwa Rwanda na sehemu ya Burundi. Ni mweusi, mnene, ana uso mwekundu, mdomo mzito na kingo za manjano kwenye manyoya ya bawa. Namna ya kumpata ni kutafuta mkuyu wenye matunda yaliyoiva na kusubiri. Hutoboa tundu la kiota kwenye tawi lililokufa, kwa hiyo shamba linaloachiwa mikuyu ya zamani na miti michache mikavu humfaa zaidi kuliko shamba lililosafishwa. Katika vibanja vyenyewe ndege ni wa kawaida lakini wengi: chozi kwenye maua ya migomba, minana wakichana majani kwa ajili ya viota, tipitipi akitoa mlio wake wa maji yanayomiminika chupani. Kwa anayejifunza, kibanja ni darasa zuri kuliko hifadhi, maana ndege wake wamewazoea watu na hukubali kutazamwa kwa karibu.

Kufikia saa nne jua limepasha miamba, hewa inapanda, na wakati wa kwenda mgongoni umewadia. Tai na pungu hutumia hewa hiyo kupaa bila kupiga mabawa, nao huonekana vizuri zaidi na mtu aliyesimama juu ya kilima, kwa sababu hupita usawa wa macho yake au hata chini yake. Kwenye nyasi zenyewe hukaa kipozamataza anayeimba juu ya kichuguu, tandawala anayetembea polepole kichwa kikiwa juu, na ndege wa koo la manjano lenye mkufu mweusi, Macronyx croceus, anayeruka hatua chache na kutua tena mahali pa wazi. Wakati wa mvua dume wa kweche huvaa manyoya meusi na mkia mrefu, akielea juu ya nyasi kuwaonyesha majike. Nje ya msimu huo ni wa kahawia, na kumtofautisha na wenzake ni kazi ambayo hata wazoefu huikwepa.

Rweya hudharauliwa kwa kuwa udongo wake ni hafifu na hakuna anayeililia. Ndiyo inayochomwa kila kiangazi na kupandwa mikaratusi kwanza. Moto wenyewe si mbaya wote. Nyasi zilizoungua Julai huwaleta ndege wa miguu mirefu wanaopenda ardhi tupu, na majani machanga yanayofuata huleta wadudu. Mikaratusi ndiyo haina marekebisho, kwa sababu ndege wa nyasi haishi kivulini. Anayeumia zaidi katika mkoa huu ni mbayuwayu buluu (Hirundo atrocaerulea), anayezaliana kwenye nyanda za juu za kusini, Kitulo ikiwemo, na kuja kwenye nyasi za ukanda wa Ziwa Victoria baada ya hapo, takriban Aprili hadi Septemba. Mkoani Kagera hujulikana hasa katika nyasi za Minziro, wilaya ya Missenyi, lakini nyasi fupi zenye unyevu za Karagwe nazo zinastahili kuangaliwa miezi hiyo.

Novemba hadi Machi wageni hutoka kaskazini: mbayuwayu wa Ulaya kwa makundi, korongo weupe, na ndege wawindaji wembamba wa jamii ya Circus wanaoruka chinichini juu ya nyasi wakitafuta panya na panzi. Mvua za Machi hadi Mei hufanya njia za Kyerwa kuwa ngumu, lakini ndizo za nyimbo na viota. Ambaye ana safari moja tu angechagua Novemba au mwanzo wa Desemba, wageni wanapokuwa wamefika na wenyeji wanaimba.

Vifaa ni vichache. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye kioo cha mbele cha milimita 42, inafaa kuliko zile zenye nguvu zaidi, kwa kuwa mkono hutikisika na mafunjoni mwanga ni mdogo. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2002, bado hubebwa na wengi. Ndani ya hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni lazima kulipa ada kwa shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, na kufuatana na askari, na nje yake, hasa vijiji vya mpakani, busara ni kujitambulisha kwanza ofisi ya kijiji: mtu mwenye darubini ukingoni mwa mto wa mpaka huulizwa maswali.

Kumbukumbu za sehemu hii ni chache ukilinganisha na kaskazini mwa nchi, kwa hiyo daftari la mtu mmoja makini lina uzito. Kila ingizo liwe na tarehe, saa, mahali, makazi, idadi, na kama ndege alionekana au alisikika tu. Ndege wa kawaida waandikwe pia, pamoja na siku ambazo kinamasi kilisikilizwa na tiva hakuitika. Orodha hizo zaweza kupelekwa kwa Tanzania Bird Atlas au kuingizwa eBird. Kwa korongo-nyangumi, mbayuwayu buluu na zuwakulu uso-mwekundu, picha au sauti iliyorekodiwa iambatanishwe hata kama ni duni, maana maelezo ya mdomo pekee kwa ndege hao hurudishwa na maswali.