Filta ya Gari Kwenye Pikipiki: Kuingia si Kufaa

"Bosi, ya pikipiki imekosekana, nipe ya gari inayofanana nayo." Ombi la namna hii halimshangazi muuza spea wa Chuno, na sababu yake inaeleweka. Filta za Toyota na Nissan hazikosekani madukani hapa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na kwa macho kopo la chuma la filta moja halina tofauti kubwa na la nyingine. Ya pikipiki ikikosekana inabidi iagizwe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, na chombo kinalala. Chombo kikilala, hesabu ya bosi hailali.

Kabla ya kumjibu mteja huyo, ulizeni kwanza ni pikipiki gani. Bodaboda nyingi zinazotutoa Chuno kwenda Mikindani, Naliendele au Msimbati hazina hata mahali pa kufungia filta ya gari.

Injini nyingi za Kichina za cc 125 na 150, za Sanlg na ndugu zake, ni uzao wa Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Honda waliichora makusudi kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba kuliko uwezo wake na zamu ya kumwaga oili husahaulika. Hawakuweka filta ya karatasi. Waliweka wavu wa chuma chini ya injini, na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki, upande wa klachi. Oili ikipita ndani ya kikombe hicho, mzunguko huutupa uchafu mzito pembeni, ukagandia ukutani, na oili iliyobaki ikaendelea na safari yake kwenye konrodi. Kikombe hakinunuliwi kila mara. Hufunguliwa na kusafishwa kava la klachi linapotolewa. Mafundi wengi hawakigusi mpaka injini iharibike.

Wavu nao kazi yake ni ya kifumbu: unazuia machicha, tui linapita. Mchanga laini wa barabara za huku, ukishaingia kupitia filta ya hewa iliyochanika, unapita pale bila shida. Kwa injini ya aina hii kinachotoa uchafu mwembamba ni kumwaga oili kwa wakati, basi. Anayekimbia kilomita 100 kwa siku anafikisha 2,000 ndani ya siku 20, na kwa vumbi la msimu wa korosho mimi singesubiri zifike huko.

Siku ya kumwaga oili, fungua nati pana ya chini kwa utaratibu, maana springi hutangulia kutoka na wavu hufuata. Usikimbilie kuuosha. Utazame. Tope jeusi laini ni la kawaida. Humo mna masizi na unga wa sahani za klachi. Pitisha sumaku juu yake, hata ile ya spika mbovu. Vinavyonata ni vya chuma, na mara nyingi vimetoka kwenye meno ya gia au beringi. Vinavyong'aa na kukataa kunata ni aluminiamu, na hapo pistoni au kava la injini ndilo linaloliwa. Ukikuta vipande vya kushikika kwa kucha, usimimine oili mpya juu yake. Injini ifunguliwe.

Boxer ya cc 150 iko tofauti. Yenyewe ina filta ya karatasi, elementi ndogo isiyo na kopo, inayokaa chini ya kifuniko upande wa kulia wa injini. Filta ya Vitz haina pa kushika pale. Kinachoziua Boxer ni mengine: wapo wanaoiosha karatasi kwa petroli na kuirudisha, na wapo wanaoigeuza. Karatasi iliyooshwa huvimba au kuachia gundi, ikabaki pambo. Elementi nyingi za aina hii zina upande wenye tundu na upande uliozibwa. Ukiigeuza, oili inakosa njia yake. Fundi anayeitoa ya zamani akumbuke ilivyokaa kabla hajaitupa.

Basi swali la filta ya gari linabaki kwa pikipiki kubwa, zile zenye filta ya kopo inayozungushwa kwa nje kama ya gari. Mkoani kwetu huonekana zaidi kwa wasafiri wa masafa marefu wanaoshuka kuvuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja la Mtambaswala, lile la mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010. Msafiri wa namna hiyo akifika dukani na Honda kubwa, akaulizia filta, mwenye duka anatamani kumsaidia. Hapo ndipo penye hatari.

Hatari ya kwanza imo kwenye meno. Filta za kopo za pikipiki kubwa za Honda hutumia meno ya M20, yaani upana wa milimita 20, na jino hadi jino milimita 1.5. Filta nyingi za magari ya Nissan, Mazda na Honda zina meno hayohayo. Filta nyingi za Toyota, kwa upande wake, ni za robo tatu ya inchi, meno 16 kwa kila inchi, na hizo ndizo zinazolingana na za Harley-Davidson. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Kati ya kipimo kimoja na kingine hakuna hata milimita moja kamili, na jicho haliwezi kuiona.

Ukilazimisha filta ya robo tatu kwenye bomba la M20, itakataa mapema, na ukiongeza nguvu utakula meno ya injini. Hiyo ni hasara, ila angalau unaijua palepale. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi. Filta ya M20 ikipelekwa kwenye bomba la robo tatu inaingia. Inacheza kidogo, kisha gasketi inagusa, mkono unahisi imekaza, injini inawashwa na haivuji hata tone. Kumbe imeshikilia kwa ncha za meno tu. Presha ya oili ikipanda na mtikisiko ukiendelea, inaachia njiani, na oili yote inamwagika mbele ya tairi la nyuma. Dereva wa gari mkasa huo ukimpata anaegesha pembeni na kupoteza injini. Wa pikipiki anaanguka.

Kwa hiyo zungusha filta kwa mkono kabla ya kuipaka oili gasketi. Ikishazunguka mara mbili, ishike na uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, itoe, hata kama mteja anasema ana haraka.

Meno yakikubali, bado hujamaliza. Ndani ya filta nyingi kuna vali ndogo ya dharura. Karatasi ikiziba, vali hiyo hufunguka ili oili ipite bila kuchujwa, kwa hesabu kwamba oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Inafunguka kwa presha gani, huamuliwa na aliyechora injini. Filta nyingi zimo kati ya psi 8 na 20 hivi, na za Subaru hufika takriban 23. Zipo pia filta za gari zisizo na vali hiyo kabisa, kwa kuwa mtengenezaji ameiweka kwenye bloku la injini. Ukiifunga filta ya namna hiyo kwenye pikipiki inayotegemea vali ya ndani ya filta, siku karatasi itakapoziba oili haitakuwa na mlango. Ikiwa vali ni laini mno, nayo hufunguka kila injini inapokokotwa kwa nguvu, na injini ya pikipiki hukokotwa kuliko ya gari: Boxer ya 150 tu hutoa nguvu yake kamili kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika. Wenye injini wa nchi za baridi huihofia zaidi asubuhi, oili inapokuwa nzito. Kwa joto la Mtwara, kinachoifungua vali hiyo huwa ni uchafu.

Kuna na kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Pikipiki nyingi hulaza filta mlalo, kwa hiyo kiwambo hicho ni cha lazima. Kikikosekana, kila unapowasha injini inanguruma kavu kwa sekunde kadhaa. Urefu nao utazamwe. Filta ya gari ikiwa ndefu hujitokeza mbele ya injini, karibu na bomba la ekzosi na kwenye njia ya mawe yanayorushwa na tairi la mbele.

Mimi sina ugomvi na neno "gari" lililoandikwa kwenye boksi. Injini haisomi. Kama katalogi ya mtengenezaji wa filta inataja namba moja kwa gari na kwa pikipiki yako, funga bila wasiwasi. Honda wenyewe huzitofautisha: namba za filta zake za pikipiki kwa kawaida huanza na 15410, za magari 15400, na hawakufanya hivyo kwa kupenda kujaza makabati. Kama huna katalogi wala namba, mwaga oili, weka mpya, acha filta ya zamani mahali pake kwa siku chache, na usubiri mzigo wa Dar. Filta iliyochoka yenye meno sahihi inakufikisha kuliko mpya ya kubahatisha.

Liko jambo moja la gari ambalo huingia kwenye bodaboda zetu mara nyingi kuliko filta, nalo ni oili yenyewe. IST hubeba takriban lita 3.7 kwa ajili ya injini peke yake. Bodaboda hubeba lita moja hivi, na lita hiyo inahudumia injini, gia na klachi kwa pamoja. Oili nyingi za kisasa za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi iliyozama kwenye oili inaishi kwa msuguano. Ndiyo maana Wajapani walitoa kiwango cha JASO mwaka 1998: tafuta kwenye chupa herufi MA au MA2. Herufi MB ni za skuta ambazo klachi yake haiogi oili. Ya kupima kutoka kwenye pipa haina herufi yoyote ya kusoma, na dereva wa mkataba, ambaye chombo kitakuwa chake malipo yakiisha, anajiibia mwenyewe akiinunua.

Kwenu wenye maduka ya spea, Chuno na kwingineko: chukueni kalamu, andikeni juu ya kila boksi la filta ya kopo "M20" au "3/4". Mteja akija mikono mitupu, mwambieni arudi na filta ya zamani, mpime meno na gasketi pamoja naye kabla hajatoa pesa.