Unafunga Sola? Usisahau Waya wa Ethi

Wakazi wa Mji wa Kale na Kisiwa cha Mombasa wanaofunga sola wanakumbushwa kwamba fremu za paneli, vyuma vinavyozibeba na kasha la inveta ni lazima viunganishwe kwa waya wa ethi, ule wa kijani na manjano. Waya wa umeme ukichubuka, vyuma hivyo vinaweza kumpiga shoti anayeanika nguo kwenye paa.

Ethi ya paneli isiachwe peke yake. Iungwe na ethi ya nyumba. Bomba la maji si ethi, kwani mengi sasa ni ya plastiki. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, hivyo fundi apime kwa mita kama fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini inafanya kazi. Hewa ya chumvi nayo hula nati na viungo. Vikaguliwe kila mwaka.

Kumbuka pia: kuzima swichi kuu hakuzimi paneli. Mchana huendelea kutoa umeme, kwa hivyo usizikarabati mwenyewe. Tumia fundi mwenye leseni ya EPRA, na uombe kuiona kabla hajaanza kazi.