SAFARI YA PIKIPIKI KWENDA MICHORO YA KONDOA: WADAU WA MIYUJI, MNALALA WAPI?

Kila mvua zikikata hapa Miyuji stori ni ile ile. Washkaji watatu wanne wanajichanga, wanatafuta pikipiki, wanataka kwenda kuona michoro ya miambani kule Kondoa. Safi sana! Ni urithi wa dunia tangu 2006, uko ndani ya mkoa wetu, watu wanapanda ndege toka Ulaya kuja kuuona, sisi tunaupita kwenye basi la Arusha tumelala midomo wazi. Ila mpango unaosikika kila kijiwe ni mmoja: "Tunatoka alfajiri, jioni tumerudi." Hapo ndipo pa kuzungumza.

Tupige hesabu. Miyuji hadi Kondoa mjini ni kama kilomita 160. Michoro yenyewe haiko Kondoa mjini, unapitiliza kwa barabara ya Babati kilomita 20 na ushee mpaka kijiji cha Kolo. Kwa hiyo kwenda tu ni kama 180, kurudi 180 nyingine. Tuseme umetoka saa 12 asubuhi na unatembea wastani wa 60 kwa saa, ambao kwa pikipiki ya cc 125 yenye mtu nyuma ni mwendo wa kutosha kabisa. Weka na kusimama kunywa chai na kunyoosha mgongo. Kolo unaingia saa 4. Unajiandikisha kwenye kituo cha Mambo ya Kale, unapewa wa kuwaongoza, mnaingia njia ya vumbi na mawe kama kilomita 10 kwenda Mungomi wa Kolo, kisha mnaacha pikipiki na kupanda mlima kwa miguu. Ukitaka kuona miamba mitatu bila kukimbizana, mnashuka saa 8 au saa 9. Mnakula. Mnaanza kurudi saa 9 na nusu.

Hapo kila kitu kikienda sawasawa unaingia Miyuji jua linazama. Pancha moja tu maeneo ya Chemba, basi kilomita 60 za mwisho ni giza.

Na giza la barabara ile si mchezo. Lami nzuri, imenyooka, ndiyo hatari yenyewe. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018, na tangu hapo malori na mabasi yanapita kwa kasi ambayo enzi za vumbi haikuwepo. Ng'ombe wanarudi zizini jioni na wanavuka popote wanapotaka. Kuna baiskeli zimebeba mkaa bila taa wala kiakisi. Kuna lori limeharibika, limewekewa majani barabarani badala ya pembetatu. Taa ya pikipiki zetu hizi tunaijua, inamulika hatua chache tu mbele, ukilikuta lori limesimama ukiwa na spidi 80 hamna cha kukwepa. Na dereva mwenyewe ameshakaa kwenye siti tangu asubuhi, kapanda na mlima, macho mazito. Wanaoumia kwenye safari za namna hii mara nyingi hawaumii kule kwenye mawe, wanaumia wakati wa kurudi, kwenye lami, karibu na nyumbani.

Sasa kwa nini watu wanang'ang'ania kurudi siku hiyo hiyo? Wengi watasema hela ya gesti. Mimi nasema hapana, sababu ni pikipiki ya kuazima. Umechukua chombo cha mshkaji wa bodaboda, na yeye ana bosi anayesubiri hesabu ya siku. Ukilala Kondoa ina maana hesabu ya siku mbili. Ndiyo maana ukimpigia mtu simu saa 11 jioni yuko bado Kondoa, anakwambia "nasukuma taratibu", kumbe anachapa mwendo. Kabla hamjapanga lolote, malizaneni na mwenye chombo: siku mbili, hela yake mkononi kabla ya kuondoka. Hiyo hela ndiyo inayonunua usingizi wenu. Kama hamuwezi kuilipa, pandeni basi mpaka Kondoa, mkodi bodaboda za kule kule. Sioni aibu yoyote hapo, tena wale wanazijua njia.

Turudi kwenye swali la kulala. Kule nchi za baridi, Kanada na baadhi ya majimbo ya Marekani, kuna watu wikiendi zao ni kuendesha pikipiki za theluji, zile zenye mbao za kuteleza mbele na mkanda nyuma badala ya tairi. Hawa wakitafuta pa kufikia hawaanzi na bei ya chumba wala televisheni. Wanauliza njia inaanzia wapi, mafuta yako umbali gani, na chombo kitalala wapi usiku. Mwenye nyumba ambayo njia inapita uani kwake ndiye anayepata wateja. Theluji hatuna, lakini maswali yale matatu ni ya kwetu kabisa, kwa sababu pikipiki inakula raha yake kwenye njia mbovu. Lami ni ya kufikia tu. Ukifikia mbali na njia, nguvu zako zote unazimaliza kwenye lami, halafu kwenye mchanga na mawe panapotaka mikono yenye nguvu na akili iliyotulia unaingia umechoka.

Kwa kigezo hicho Miyuji si pabaya, inategemea unaenda wapi. Tuko kaskazini ya jiji, hatuna haja ya kukatiza mjini. Unatoka, Msalato hiyo, Veyula, Makutupora kwenye mizabibu, umeshaingia porini. Kwa mizunguko ya nusu siku, bwawa la Hombolo kwa mfano, lala nyumbani kwako, asubuhi toka, mchana umerudi. Angalieni tu malori pale barabara ya mzunguko inapokutana na hii ya Arusha maeneo ya Veyula. Lakini kwa michoro Miyuji ni mbali mno. Ichukulie kama mahali pa kuondokea, si pa kufikia.

Kondoa mjini ndipo ninapopapigia kura. Sheli zipo, mafundi wapo, tairi na tyubu za pikipiki za Kichina na za Kihindi unapata dukani, hospitali ipo, wakala wa pesa za simu kila kona. Gesti ni nyingi, za bei ya mwanafunzi. Usichague yenye rangi nzuri, chagua yenye geti na uwa, na muulize mwenye nyumba kabla hujalipa: "Pikipiki inalala ndani?" Akisema ataegesha nje na mlinzi ataiangalia, shukuru, nenda ya pili. Toka hapo hadi Kolo ni nusu saa ya lami, unafika asubuhi mwili uko fresh. Na Kondoa inakupa njia za pande zote. Ukienda mashariki unapanda milima ya Irangi kuelekea Haubi, kona na miinuko ya haja. Ukienda magharibi unaingia nchi ya Wasandawe, Farkwa na Kwa Mtoro wilaya ya Chemba, wale ndugu zetu ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi. Huko magharibi ulizeni wenyeji njia kabla ya kuingia, maana kuna pori la akiba la Swaga Swaga na tembo hawaulizi leseni.

Kolo yenyewe ndiyo karibu kuliko kote. Mary Leakey na mumewe Louis walipokuja kunakili michoro mwaka 1951 walipiga kambi maeneo hayo hayo, wala hawakuwa wakishinda barabarani kwenda na kurudi mjini. Mkiwa na hema na chakula, na mkakubaliana kwanza na watu wa kituo mahali pa kulala, hakuna raha kama kupanda Mungomi jua likiwa bado changa. Ila Kolo ni kijiji. Fulu tangi uijaze Kondoa, na tyubu ya akiba, pampu na gundi ya pancha ziwe kwenye begi lako, si kwenye begi la mshkaji ambaye ameshatangulia.

Babati nayo watu huitaja, kwa vile mji umechangamka na ziwa lipo. Kwa anayetoka Arusha sawa. Kwa mtu wa Miyuji ni kupita michoro, kwenda kulala mbele, kisha kurudi nyuma. Sijaona mantiki.

Sasa hizo njia zenyewe. Milima ya Irangi ina historia ya kusikitisha kidogo. Ardhi ilimomonyoka kwa miaka mingi, kilimo na mifugo vilizidi, mpaka makorongo yakawa kama yamechimbwa na katapila. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondoka kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wazee wa kule bado wanaukumbuka ule uhamisho. Majani na miti vilirudi, lakini udongo ulioshuka haukupanda tena mlimani. Uko chini kwenye mito, ni mchanga mtupu, na ndio huo utakaokuangusha.

Mto wa mchanga una staili yake. Usiingie umekaza mikono. Shuka gia mbili, sogea nyuma kidogo, macho mbele, mafuta yale yale bila kuachia mpaka uvuke. Breki ya mbele isahau kabisa. Abiria ashuke atembee, hata kama ni shemeji. Na mshikaki wa watu watatu kwenye pikipiki moja, jamani, huko hauvuki popote.

Kubwa zaidi ni mvua. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mito ile haina maji karibu mwaka mzima, kwa hiyo mtu anaizoea kama barabara. Mvua inaweza kunyesha juu milimani wewe uko chini kwenye jua kali, maji yakaja ghafla yamebeba magogo. Ukiona maji ya rangi ya udongo yanatembea, hata kama ni ya kifundoni, kaa ng'ambo subiri. Hii nayo ni sababu ya kulala karibu. Mwenye kitanda Kondoa anaweza kusubiri masaa matatu maji yapungue. Mwenye hesabu ya bosi Miyuji atajaribu kuvuka. Mwezi mzuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba, baridi ya asubuhi ipo, beba koti.

Mkifika miambani mtaona watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, wengine na vichwa vikubwa kama wamesuka, mtaona twiga, tembo, pofu. Michoro myeupe ni ya baadaye. Eneo zima la urithi ni kilomita za mraba 2,336 na miamba yenye michoro ni zaidi ya 150, kwa hiyo msidhani mtaimaliza. Pikipiki iachwe pale mtakapoonyeshwa, isisogezwe hadi kwenye mwamba. Vumbi linaganda juu ya rangi. Msimwage maji eti picha itoke vizuri kwenye simu, maji yanakula mchoro. Msiguse wala kuandika majina. Kuna wajanja walishachimba chini ya miamba wakitafuta hela za Wajerumani, wakaharibu vitu ambavyo watafiti wangetumia kujua nani alichora na lini. Na Mungomi ni mahali ambapo wenyeji bado wanafanya matambiko, kwa hiyo mkikuta watu wana shughuli yao, mwacheni anayewaongoza aongee nao kwanza.

Mambo madogo mnayajua, ila ngoja niyaseme: leseni ya pikipiki, bima, kofia ngumu mbili na si moja ya dereva tu. Pikipiki ya cc 125 inakwenda kilomita 35 hadi 50 kwa lita moja kutegemea mzigo na mkono wako, kwa hiyo kwenda, kuzunguka kidogo na kurudi, weka bajeti ya lita 12 na usiwe na presha. Siku ya kurudi tokeni Kondoa asubuhi, si baada ya chakula cha mchana. Saa 5 mko Miyuji, pikipiki imerudi kwa mwenyewe imeoshwa, na safari ijayo atawapa tena.

Swali langu kwenu: kuna aliyepita njia ya Kolo kwenda Pahi hivi karibuni? Mchanga wa pale mtoni ukoje, pikipiki inavuka au inasukumwa? Na wenyeji wa Kondoa, tutajieni gesti zenye uwa wa kuingiza chombo ndani. Uwanja ni wenu.