Raba kuukuu za injini zinavyohatarisha mwendeshaji wa Norton ya kale

KATIKA gereji za jua kali mjini Eldoret, fundi wa pikipiki hujifunza mapema kwamba injini ikicheza kwenye fremu, dawa yake ni spana. Bolti hukazwa, na tundu likiwa limepanuka, washa huongezwa hadi injini itulie tuli.

Kanuni hiyo huwafaa wahudumu wa bodaboda wanaosafirisha abiria kati ya mji na mitaa kama vile Langas na Huruma. Pikipiki zao aghalabu huwa na injini ndogo ya pistoni moja, iliyofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye fremu.

Hata hivyo, kanuni iyo hiyo huweza kuiharibu Norton Commando, pikipiki ya Kiingereza iliyozinduliwa 1967 na kuundwa hadi 1977, ambayo leo ni mali ya thamani kwa wapenzi wa vyombo vya kale. Katika Commando, injini imekusudiwa icheze. Suala ni icheze kwa kiasi gani, na kuelekea upande upi.

Ili kuelewa sababu, ni sharti kurudi nyuma kidogo. Tangu Triumph ilipozindua Speed Twin ya sentimita 500 za ujazo mwaka wa 1937, viwanda vya Uingereza vilipenda injini ya pistoni mbili zinazopanda na kushuka kwa pamoja. Muundo huo ni mwepisi na una nguvu, ila una dosari moja: pistoni zote mbili husimama na kugeuka kwa wakati mmoja, na kishindo chake huitikisa pikipiki nzima.

Mtikiso huo huongezeka kwa kasi kuliko injini yenyewe. Mizunguko ya injini ikiongezeka maradufu, nguvu ya mtikiso huongezeka mara nne. Kadiri viwanda vilivyozidi kukuza injini hizo, kufikia sentimita 650 na kisha 750, ndivyo balbu zilivyokatika, vishikizo vilivyopasuka na mikono ya waendeshaji ilivyokufa ganzi.

Wahandisi wa Norton Villiers, wakiwemo Stefan Bauer, Bernard Hooper na Bob Trigg, waliamua kutopambana na mtikiso bali kuutenga. Waliunganisha injini, giaboksi na mkono unaoshika gurudumu la nyuma vikawa kitu kimoja. Kisha waliuning'iniza mzigo huo wote ndani ya fremu kwa raba, mbele, nyuma na juu ya injini. Mfumo huo uliitwa Isolastic.

Matokeo yalipendeza. Injini ikiwa imepoa mwendo, Commando hutetemeka waziwazi. Inapopita mizunguko kama 3,000 kwa dakika, mtetemo hutoweka na mwendeshaji huhisi kama anayeteleza. Wasomaji wa gazeti la Motor Cycle News nchini Uingereza waliichagua kuwa pikipiki bora miaka mitano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972.

Lakini mfumo huo ulikuja na sharti. Kwa kuwa gurudumu la nyuma limeshikwa na injini, na injini imeshikwa na raba, gurudumu hilo lingeweza kuyumba kando huku la mbele likifuata njia yake. Kwa hivyo, raba huruhusiwa kucheza juu na chini, ilhali mchezo wa kando huzuiwa kwa washa nyembamba zilizopangwa kwenye ncha za kila kishikizo. Kiwandani, nafasi iliyoachwa hapo ilikuwa inchi 0.010, yaani takriban robo ya milimita.

Hapo ndipo penye uhai wa mwendeshaji. Nafasi ikizidi, pikipiki huanza kupepesuka kwenye kona, hasa kwa mwendo wa kasi. Mtu anayetoka Eldoret kupitia Iten, kisha akateremka Tambach kuelekea Bonde la Kerio, hushuka zaidi ya mita 1,000 kwenye barabara ya kona nyingi. Si mahali pa kugundua kwamba magurudumu mawili hayakubaliani.

Nafasi ikipungua mno nayo huleta balaa la pili. Mtikiso hupenya kwenye fremu, na faida yote ya raba hupotea. Hili ndilo kosa la fundi hodari aliyezoea kuondoa kila mchezo anaouona.

Raba huzeeka kwa joto, kwa uzito na kwa miaka, hata pikipiki isipoendeshwa. Adui wake mkubwa ni mafuta. Desturi ya kusafisha injini kwa dizeli au mafuta ya taa hung'arisha chuma, lakini hufanya raba ivimbe na kulainika. Injini inayovuja nayo hufanya kazi hiyo polepole, usiku na mchana.

Ishara za uchakavu hazifichiki. Injini huonekana imelala chini kuliko kawaida, mtetemo huendelea hata mwendo ukiongezeka, na ukilisukuma gurudumu la nyuma kando kwa mkono, huhisi likigonga.

Kazi ya kubadilisha huanza kwa kuisimamisha pikipiki imara na kuitegemeza injini kwa jeki yenye kipande cha ubao. Kishikizo cha mbele hutoka kwa urahisi: bolti ndefu huchomolewa, kishikizo kikafunguliwa kutoka kwenye injini, na raba kuukuu zikasukumwa nje kwa jiriwa. Raba mpya hupakwa maji ya sabuni ili ziteleze. Grisi na oili hazifai kamwe.

Kishikizo cha nyuma ndicho kigumu, kwa kuwa kimo ndani ya vyuma vinavyoshika giaboksi, na aghalabu hulazimu kufungua sehemu nyingi. Baadaye bolti hukazwa, injini husukumwa upande mmoja, na nafasi hupimwa kwa fila. Commando za 1975 na baadaye zina marekebisho ya kuzungusha. Za awali huhitaji kubadilisha washa hadi kipimo kipatikane.

Kishawishi cha kukata raba kutoka kwa tairi kuukuu ni kikubwa, maadamu vipuri halisi huagizwa kutoka Uingereza, ambako kampuni ya Andover Norton na wengine wangali wanaviuza. Lakini raba ya tairi ina ugumu mwingine kabisa. Itajaza tundu, wala haitafanya kazi iliyokusudiwa.

Mwenye bodaboda pia ana la kujifunza. Kwake yeye, injini inayocheza ni hitilafu ya kweli, na bolti iliyolegea leo ndiyo fremu itakayopasuka kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tofauti ni kwamba fundi mwenye busara huuliza kwanza chombo kiliundwaje, ndipo anyanyue spana.